Mtoto wa homa mwenye mikono ya baridi asipange foleni

Bakteria aitwaye meningokoko anaishi kooni mwa binadamu na hana makao mengine duniani. Mbu hambebi, ng'ombe hana, maji machafu hayamhusu. Wakati wowote ule, mtu mmoja hivi kati ya kumi anaye nyuma ya pua, hajui, wala hataumwa. Anampa mwenzake kwa kikohozi au chafya, mwenzake anampa mwingine, na kwa kawaida habari inaishia hapo. Mara chache bakteria huyo hupenya akaingia kwenye damu. Akiingia kwenye damu ya mtoto wa miezi minane, mama yake amebakiwa na siku moja, na pengine haitimii.

Magonjwa mengi yanayoua watoto wetu yana subira kidogo. Utapiamlo huchukua miezi. Kuhara hutoa siku kadhaa, na malaria nayo mara nyingi huruhusu wazazi kukopa nauli na kufika hospitali. Ugonjwa huu wa meningokoko hauruhusu. Mtoto aliyecheza jana jioni anaweza kuzikwa kesho alasiri, na watu wakarudi kutoka makaburini wakiulizana ni nani aliyemfanyia.

Tunauita homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo akili zetu zinakwenda kwenye shingo na ubongo. Ni kweli bakteria huyu hushambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Lakini anayekufa haraka zaidi mara nyingi ameuawa na kile kilichotokea ndani ya damu yake. Bakteria wanapozaliana humwaga vipande vya ganda lao la nje, na vipande hivyo ni sumu kali. Mwili hujibu kwa nguvu kupita kiasi. Kuta za mishipa midogo huanza kuvuja, damu huganda mahali isipotakiwa na kushindwa kuganda inapotakiwa, na madoa ya rangi ya zambarau hutokea kwenye ngozi. Vidole hukosa damu na kufa. Tezi zilizo juu ya figo hufurika damu, hali ambayo daktari Mwingereza Rupert Waterhouse aliieleza mwaka 1911 na Mdenmaki Carl Friderichsen akairudia mwaka 1918. Na jambo linalowadanganya hata wahudumu wazoefu ni kwamba mtoto wa namna hii anaweza kuwa na fahamu zake, anamtambua mama, anaomba maji, mpaka karibu kabisa na mwisho.

Kwa nini wadogo? Mtoto huzaliwa na kinga aliyoazimwa na mama yake, nayo hupungua miezi inavyokwenda. Watafiti wa jeshi la Marekani walionyesha mwaka 1969 kwamba kati ya miezi sita na miaka miwili mtoto huwa katikati ya mto: kinga ya mama imekwisha, yake mwenyewe haijajengeka. Asipotibiwa, uwezekano wa kufa unaweza kufika nusu kwa nusu. Akitibiwa, hufa mmoja hivi kati ya kumi, na idadi hupanda sana pale damu inapokuwa imeshavamiwa. Baadhi ya wanaopona hubaki viziwi, wengine na kifafa, wengine bila vidole au miguu.

Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza ambao ningependa ubandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha kupokelea watoto. Ulihusu watoto na vijana 448 wasiozidi miaka 16 walioumwa na meningokoko, 103 kati yao wakiwa wamekufa. Watafiti waliwauliza wazazi swali dogo: dalili ipi ilianza, na ilikuwa saa ngapi? Majibu yalitoa ratiba ya ugonjwa. Saa nne hadi sita za kwanza hakukuwa na cha kumshtua mtu: homa, kukataa chakula, kulialia, kutapika. Dalili tunazofundishwa sote, yaani shingo kukakamaa, macho kukimbia mwanga, madoa na kuchanganyikiwa, zilikuja kati ya saa ya 13 na ya 22. Nusu ya watoto hao walikuwa hawajalazwa mpaka saa ya 19. Hata hivyo, mapema zaidi, karibu saa ya 8, kulikuwa na dalili nyingine tatu ambazo hakuna aliyekuwa akizitafuta: miguu kuuma, mikono na nyayo kuwa za baridi wakati mwili una homa, na ngozi kupauka au kubadilika rangi. Zaidi ya watoto saba kati ya kumi walikuwa na angalau mojawapo.

Kwa hiyo mabango yetu yanawafundisha wazazi kusubiri. Hilo ni neno zito, lakini nalisimamia. Bango linalosema "ukiona shingo imekakamaa, wahi hospitali" linamwambia mama aje wakati ugonjwa umeshamaliza nusu ya kazi yake. Na kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikakamae kabisa. Utosi ndio huvimba, au mtoto hulegea tu na kukataa titi. Madoa nayo yanaelezwa kwa picha za watoto weupe. Kwenye ngozi nyeusi hayaonekani kirahisi; inabidi utazame nyayo, viganja, ndani ya kope za chini na kaakaa. Ukikandamiza doa kwa ubavu wa glasi likabaki vilevile bila kufifia, hapo usiulize tena. Ila narudia: ukifika kwenye madoa umechelewa.

Sasa mchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu, awe wa Handeni au wa Kwale. Saa mbili usiku amekataa uji. Saa nne anachemka, mama anampa panadoli na kumkanda kwa kitambaa. Alfajiri mtoto amenyamaza, na mama akimshika mikono anaikuta ya baridi. Anamshukuru Mungu kwamba homa imeshuka. Kukikucha mtoto hanyonyi wala hasimami, basi mama anambeba, na saa tatu asubuhi yuko kwenye benchi la zahanati, nyuma ya watu ishirini. Hiyo ni saa ya 13 ya ugonjwa. Anapimwa uzito, anapimwa joto, anatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, anarudi kwenye benchi kusubiri majibu. Anapoitwa ni saa tano.

Kipimo kikionyesha malaria, mawazo yote hukoma. Anaandikiwa dawa mseto, anakwenda nyumbani. Katika maeneo yetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria kwenye damu kwa pamoja, na kipimo kinachoonyesha kimoja hakimwondoi mwenzake. Kipimo kisipoonyesha malaria, siku hizi jibu linalofuata nchini Tanzania karibu linajulikana kabla mhudumu hajafungua mdomo: ana UTI. Sijui ni lini taifa zima liliambukizwa njia ya mkojo, lakini ukikaa kwenye benchi lolote la zahanati utasikia hivyo mara kumi kabla ya saa sita. Mtoto anapewa dawa ya maji ya kunywa mara tatu kwa siku, ambayo ataitapika.

Usidhani nasimulia hadithi za vijiweni. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliwafuatilia wagonjwa mahututi 4,474, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, ambao wote walilazwa wakitibiwa malaria kali. Walipochunguza damu zao kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea vya malaria ni asilimia 46 tu. Na hawa wengine je? Walikufa zaidi: asilimia 12.1, dhidi ya 6.9 ya wenye malaria. Karibu theluthi mbili ya wasio na malaria hawakupewa antibiotiki yoyote. Ng'ambo ya mpaka, hospitali ya Kilifi ilikuwa imepima bakteria kwenye damu ya watoto wote waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya wenye bakteria kwenye damu, na theluthi ya hao walikufa siku ileile waliyolazwa.

Haki itendeke kwa takwimu hizo: wengi wa watoto wa Kilifi hawakuwa na meningokoko. Bakteria wa nimonia na jamii ya salmonela ndio waliotawala. Hoja yangu haibadiliki kwa sababu hiyo, inakua. Mhudumu wa zahanati hawezi kujua kwa macho ni bakteria gani, na hahitaji kujua. Mlango wa kuingilia ni mmoja, dawa ya kwanza inafanana, na saa zinazopotea ni zilezile.

Hapa ndipo watu wengi huwageukia akina mama. Wanasema walichelewa, walianza kwa mganga, waliogopa sindano. Ni kweli kwamba Pwani degedege limehusishwa na mambo yasiyo ya hospitali tangu zamani, na wapo wanaoamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Lakini rudi kwenye utafiti wa Uingereza. Wazazi wale wana simu, gari, daktari wa familia na huduma isiyolipiwa. Na bado ni asilimia 51 tu ya watoto waliopelekwa hospitali walipoonwa na daktari kwa mara ya kwanza. Nusu walirudishwa nyumbani, si kwa sababu mama alichelewa, ila kwa sababu daktari hakuona kitu. Tukikubali hilo kwa daktari wa Uingereza, tuache kumsimanga mama wa Handeni.

Kinachookoa ni mpangilio, na ushahidi wa hilo uko karibu kuliko tunavyodhani. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, Profesa Elizabeth Molyneux na wenzake walibadili namna watoto wanavyopokelewa. Mwaka 2001 walianza kuwapitia watoto wote mlangoni, kabla ya kadi na kabla ya foleni, wakiwatenga walio katika hatari ya kufa, walio wa haraka na wanaoweza kusubiri, huku huduma ya dharura ikiwa hapo hapo. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18. Baada ya hapo vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Hakukugunduliwa dawa mpya. London nako, watoto wenye meningokoko waliopelekwa chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya St Mary's walikuwa wakifa kwa asilimia 23 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 1997 ilikuwa asilimia 2. Bakteria alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba wataalamu walianza kutoa maelekezo kwa simu mara tu mtoto alipofika hospitali ya jirani, na gari la wagonjwa likaja na daktari ndani.

Mfano huo wa London una mtego wake, na sisi tumeshaunasa mguu ndani yake. Sehemu ya tiba yao ilikuwa kumwongezea mtoto maji mengi kwenye mshipa, kwa kasi. Kwetu dripu inapendwa. Mgonjwa asipotundikiwa, ndugu hunung'unika kwamba hajatibiwa. Basi utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10 na nusu hivi, dhidi ya asilimia 7.3 ya waliopewa maji ya kawaida. Watoto wengi humo walikuwa na malaria, na meningokoko ana tabia zake. Lakini funzo liko wazi: tiba inayookoa mahali penye mashine ya kupumulia inaweza kuua mahali pasipo nayo. Kabla ya kudai dripu, tudai oksijeni, kipimo cha sukari na antibiotiki ya sindano.

Hiyo sindano ndiyo ninayoing'ang'ania. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa, ambao nchi zetu zimeutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hauna utata. Mtoto mwenye homa ambaye hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea, apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki hapo hapo, atibiwe sukari iliyoshuka, apewe na dozi ya kwanza ya dawa ya malaria kali pale inapohitajika, ndipo apewe rufaa. Kwanza sindano, kisha barua. Kinachotokea mara nyingi ni barua bila sindano, kwa sababu dawa imekwisha, au mhudumu anaogopa kulaumiwa mtoto akifia mikononi mwake, au anadhani hospitali ya wilaya watajua zaidi. Kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya kwa bodaboda, wakati wa masika, ni saa tatu. Mtoto wetu wa Handeni sasa yuko kwenye saa ya 18.

Akifika, kuna ukuta mwingine: maji ya uti wa mgongo. Daktari anataka kuyachukua ili ajue kama ni homa ya uti wa mgongo, na baba anakataa, kwa kuwa amesikia kwamba anayetobolewa mgongo hupooza au hufa. Chanzo cha hofu hiyo kinaeleweka. Kipimo hufanywa kwa watoto walio mahututi, baadhi yao hufa, na jirani huunganisha mambo mawili. Dawa ya hofu hiyo ni maelezo ya utulivu kutoka kwa muuguzi anayemjua mzazi, ila tukumbuke pia kwamba matibabu hayapaswi kusubiri kipimo. Mzazi akikataa, au mtoto akiwa dhaifu mno kutobolewa, antibiotiki iingie kwanza.

Na chanjo? Historia yake ni fahari ya bara hili. Ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaanzia Senegal hadi Ethiopia, na nchi 26 zinazohesabiwa humo ni pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, ingawa sisi tuko pembeni. Katika mlipuko wa 1996 na 1997 ukanda huo uliandikisha wagonjwa zaidi ya 250,000 na vifo 25,000. Tarehe 6 Desemba 2010 Burkina Faso ilizindua MenAfriVac, chanjo iliyotengenezwa India kwa ajili ya Afrika kwa bei iliyo chini ya nusu dola. Aina A ya bakteria huyu, iliyokuwa balaa kwa karne nzima, haijathibitishwa kwa mgonjwa yeyote wa ukanda huo tangu 2017. Aina nyingine zimebaki. Septemba 2021 Kongo ilitangaza mlipuko wa aina W huko Banalia, jimbo la Tshopo, na siku ya kutangazwa tayari watu 129 walikuwa wamekufa kati ya 261 walioshukiwa kuugua. Nusu. Mlipuko ulikuwa umetembea kwa majuma kabla haujatambuliwa. Mwaka 2024 Nigeria ikawa nchi ya kwanza kutumia chanjo mpya inayozuia aina tano kwa sindano moja.

Wakenya wa makamo wanaukumbuka mwaka 1989, Nairobi ilipopata mlipuko uliokadiriwa kufikia wagonjwa 3,800, wa aina ileile iliyolipuka Makka wakati wa Hija ya 1987. Ndiyo sababu kila haji wetu huchanjwa kabla ya safari. Kwa hiyo hatuko salama kwa jiografia. Hata hivyo sidhani Tanzania inapaswa leo kuingiza chanjo hii kwenye ratiba ya kliniki ya nchi nzima. Chanjo mbili tulizonazo, ya bakteria aitwaye Hib na ya bakteria wa nimonia, zinazuia sehemu kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo ya watoto, na wapo watoto ambao hawajamaliza dozi zake. Fedha ziende kwanza huko, na kwenye maabara zinazoweza kutambua aina ya bakteria ndani ya siku chache, ili chanjo ya dharura iagizwe kabla hatujazika kama Banalia. Mikoa na kaunti zinazopakana na ukanda wenyewe zina hoja tofauti, na zisikilizwe.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya halihitaji bajeti ya Bunge. Kila zahanati iwe na muuguzi mmoja, kila asubuhi, anayepita kwenye benchi kabla ya kadi kuandikwa, akimshika kila mtoto mikono na nyayo. Akikuta baridi juu ya homa, abonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, aachie, ahesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mtoto huyo aingie ndani sasa hivi, mbele ya mwenye namba moja na mbele ya mke wa mwenyekiti. Dozi za kwanza za sindano za antibiotiki zihesabiwe kila Ijumaa kama zinavyohesabiwa chanjo, na zikipungua taarifa iende Bohari ya Dawa kabla hazijaisha.

Wewe mzazi, ukirudishwa nyumbani na dawa ya kunywa na mtoto akazidi kulegea, rudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama majibu yalisema malaria. Waambie kwamba mtoto wako hayuko kama anavyokuwa siku zote akiumwa, na usiondoke mlangoni mpaka aangaliwe tena.